Lile Yowe la Katikati ya Wimbo

4 Februari 1996

Dada yangu,

Shikamoo. Ukiona mwandiko unacheza usidhani nimeanza kuzeeka. Naandikia juu ya friji la mteja, nalo linatetemeka kuliko lilivyokuja. Huku sote wazima. Wifi yako anakusalimu, anasema gauni ulilomshonea linambana. Hajasema kama gauni limepungua ama yeye ameongezeka, na mimi sitamuuliza maana bado napenda kula nyumbani. Watoto wanamuulizia shangazi yao. Yule mkubwa sauti imemvunjika. Juzi aliitikia hodi, mgeni akamwamkia shikamoo kupitia mlangoni, naye akajibu marahaba bila aibu.

Sasa jambo lenyewe. Wiki iliyopita aliingia hapa karakana kijana mmoja nadhifu, suruali ina mkunjo wa pasi kama kisu. Nikajua friji lake limekufa. Kumbe ni mtangazaji wa redio. Akaniuliza, "Wewe ndiye Nyundo? Uliyepiga ngoma kwenye 'Kiti Chako'?" Dada, miaka mingapi hakuna aliyeniita Nyundo! Nikasimama wima nikajigonga kichwa kwenye mlango wa friji.

Ana kipindi cha nyimbo za zamani, na wasikilizaji wanamsumbua kwa swali moja tu: lile yowe. Pale unapoimba "kiti chako kipo, mwenyewe hupo", kisha unapiga ule ukelele na tarumbeta linaingia. Kuna wanaoapa kwamba siku ile ulikuwa umeletewa habari za msiba. Wengine wanasema mchumba wako alikuwa ameoa mwingine asubuhi hiyohiyo. Mzee mmoja ameandika kwamba mchumba mwenyewe ni yeye, na anaomba msamaha.

Nikamweleza ukweli: mjusi. Mjusi alidondoka kutoka darini akaingia kwenye kola yako. Kijana akazima kinasa sauti chake taratibu, akaniangalia kama mtu aliyetukaniwa mama. "Mzee," akasema, "watu hawawezi kuwa wamelia miaka yote hii kwa ajili ya mjusi."

Sasa anataka kuandaa onyesho, Jumapili moja mchana, wimbo utakapotimiza miaka ishirini na mitano. Mapafu amekubali kuja na tarumbeta lake. Wanataka uimbe. Nimewaambia nitakuuliza. Basi nakuuliza.

Mdogo wako,
Nyundo (wamenikumbusha)


27 Februari 1996

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ina doa la grisi juu ya jina langu, lakini imefika. Mimi mzima, ila magoti yananisemesha nikipanda ngazi. Mpwa wako amepata kazi ya kupokea wageni kwenye nyumba ya wageni hapa mtaani. Anawakaribisha watu kwa upole ambao sijawahi kuuona nyumbani. Mwambie wifi alete gauni, na ahakikishe hajaikata akiba ya kitambaa kwenye mishono, maana mimi ndiye niliyeiacha na namjua.

Kwanza, hakuwa mjusi. Alikuwa mende. Alitambaa mgongoni kwangu, si kwako, kwa hiyo usinibishie.

Pili, ukimsimulia mtu kisa, kisimulie chote. Mwambie hivi: chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo kuliko jiko lako, kuta zimebandikwa trei za mayai, dirisha limezibwa kwa magodoro. Feni ilizimwa kwa sababu ilikuwa inasikika. Kipaza sauti kilikuwa kimoja, sote tumekizunguka kama tunaota moto, isipokuwa Mapafu, ambaye fundi mitambo alimtoa nje akapulizie ukumbini mlango ukiwa wazi kidogo, maana akipuliza ndani sindano ya kupimia sauti inagonga mwisho. Zamani zile mtu mmoja akikosea, wote mnaanza upya. Mpiga besi akapiga chafya, tukaanza upya. Muuza chai akabisha hodi, tukaanza upya. Wewe ukapiga ngoma ya wimbo mwingine kabisa, tukaanza upya. Fundi mitambo akasema mkanda unaisha, hii ni ya mwisho.

Nikaimba vizuri mpaka kwenye kiti. "Kiti chako kipo, mwenyewe hupo", na hapo mende akanidondokea. Nikapiga yowe. Nilijua nimeharibu kila kitu. Lakini Mapafu kule nje hakuona mende wala nini. Alisikia kelele, akadhani anaitwa, akaingia na tarumbeta kabla ya wakati wake, kwa nguvu zote. Basi nikaendelea kuimba huku najinyonganyonga, na ndiyo ile sauti ya kutetemeka ambayo wanasema ni ya mjane. Tulipomaliza, nikakimbilia nyuma ya pazia kujikung'uta. Fundi mitambo ndiye aliyekuwa analia. Akasema, "Asiguse mtu huu mkanda."

Tatu, siji. Huu ni msimu wa sare za shule na mashine yangu moja ni mbovu. Halafu magoti. Wape salamu.

Dada yako


15 Machi 1996

Dada,

Shikamoo, na pole na magoti. Wifi yako anasema upake mafuta ya moto na ukae chini, nami nimemjibu kwamba mtu akikaa chini anaweza pia kuimba.

Msimu wa sare unaisha mwezi wa nne. Onyesho ni Juni, Jumapili ya mwisho. Mashine nitakuja kukutengenezea mwenyewe. Nikiweza friji siwezi cherehani? Wewe na sauti ile, dada, umeifungia kabatini kwa sababu gani? Sijawahi kukuuliza. Siku moja ulishuka jukwaani, kesho yake ukanunua mkasi. Tulidhani umechoka. Mtu anachoka mwezi, miwili.

Nijibu upesi, mtangazaji anapita hapa kila siku kama mdai.

Nyundo

N.B. Niliona mkia.


2 Mei 1996

Dada,

Shikamoo. Hujajibu. Posta wanasema barua zinafika, na mimi nawaamini kwa sababu friji lao nalitengeneza mimi. Sisi wazima. Kuna jambo dogo nilitaka kukueleza kuhusu lile onyesho lakini si la haraka.

Mdogo wako


11 Mei 1996

Wewe,

Salamu utazipata mwishoni kama karatasi itabaki.

Jana mpwa wako alirudi kazini mbio, viatu mkononi. Akaniambia, "Mama, wamekutangaza redioni! Wanasema utapiga lile yowe, moja kwa moja, mbele ya watu!" Kumbe "jambo dogo lisilo la haraka" ni hilo. Kumbe siku uliyoniandikia kwamba unaniuliza, ulikuwa umeshawajibu. Usinidanganye, nakujua tangu ulipokuwa unalamba sukari na kusema ni sisimizi.

Na sasa kwa kuwa umeniuliza, nitakwambia, na usiulize tena.

Baada ya ile sahani ya santuri kutoka, hakuna ukumbi tulioingia ambao watu hawakulidai yowe. Si wimbo, yowe. Nilikuwa nikifika kwenye kiti, naona wamenyamaza, wameinua shingo, wanasubiri. Na mimi sikuwa nalo. Sikuwahi kuwa nalo! Lilikuwa la mende! Nilijaribu kila kitu. Nilificha pini mkononi. Mpiga besi alinifinya kwa siri mpaka nikawa na alama. Mapafu aliniwekea barafu mgongoni. Likatoka kama la mtu aliyekumbuka kwamba ameacha maziwa jikoni. Watu wakawa wanatazamana. Mara ya mwisho, mwanamume mmoja wa meza ya mbele alilipiga yeye kunionyesha linavyopigwa, na akalipiga vizuri kuliko mimi, na ukumbi mzima ukampigia makofi yeye.

Nikashuka. Nikanunua mkasi. Kitambaa hakikudai kelele.

Sikuacha kuimba kwa sababu nilichoka. Niliacha kwa sababu hakuna aliyekuwa anasikiliza maneno mengine ya wimbo. Yapo mengi. Ubeti wa tatu ni mzuri sana, na sijawahi kukutana na mtu anayeujua.

Nenda kawaambie siji.

Karatasi imebaki kidogo: nisalimie watoto.


23 Mei 1996

Dada yangu mkubwa, mlezi wangu,

Shikamoo mara mbili. Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa, kisha wifi yako akaninyang'anya akaisoma kwa sauti, na sasa haongei na mimi pia.

Niliwajibu kabla yako, kweli. Yule kijana aliniita Nyundo, dada. Nilipoteza akili.

Nimekwenda redioni kuwaambia huji. Mtangazaji alikaa chini kwenye ngazi na suruali yake yote ile. Watu wameshaomba viti, na yule mzee wa msamaha ameomba cha mbele. Mapafu alikuwepo, akaleta mawazo yake. La kwanza, tukamate mjusi. Nikamwambia dada anasema ni mende. Akasema basi tukamate wote wawili, atakayefanya kazi ndiye. La pili, apige yowe mtu mwingine amejificha nyuma ya pazia. La tatu sitaliandika kwa sababu lina maji ya moto ndani.

Nikawanyamazisha. Nikasema: dada yangu akija, ataimba wimbo kama ulivyoandikwa, kila ubeti, na hakuna yowe. Likitoka limetoka. Lisipotoka, asilidai mtu. Mtangazaji akauliza, "Na watu wakilalamika?" Nikamwambia atawajibu yeye, ndiyo kazi yake kuongea.

Kisha wifi yako akanikumbusha nikuulize: ubeti wa tatu unasemaje? Nimeupigia ngoma maisha yangu yote, na siujui.

Mdogo wako asiye na akili


9 Juni 1996

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku wazima. Mvua imeingia kwenye kabati la vitambaa lakini nimewahi.

Nilikuwa na kitambaa cha bluu kimebaki, hakitoshi sare ya mtoto yeyote. Nimejishonea gauni. Lina kola iliyofungwa mpaka kidevuni, na mikono imebana. Haliingii kitu.

Kwa kuwa gauni lipo, nitakuja Jumamosi ya kuamkia onyesho, nilale kwenu. Mpwa wako anakuja na mimi. Anasema tangu azaliwe hajawahi kunisikia nikiimba, nami nikamwambia si kweli, akasema kuguna juu ya cherehani si kuimba.

Ubeti wa tatu utausikia huko.

Dada yako


3 Julai 1996

Dada,

Shikamoo kutoka kitandani. Mguu wa kushoto uko ndani ya plasta mpaka gotini, umeinuliwa juu ya mito miwili na kamusi ya mtoto. Muuguzi aliyenifunga plasta alikuwa anaimba "Kiti Chako" puani mwanzo hadi mwisho. Wifi yako amerudi kuongea na mimi, sasa namwomba anyamaze.

Nataka kukueleza yaliyonipata, kwa sababu naona kila mtu mtaani anayo hadithi yake, na zote zinanifanya mjinga kwa namna tofauti.

Jukwaa lile lilikuwa meza za shule zilizosukumwa pamoja na kufunikwa zulia. Niliwaambia mapema: hizi meza zinaachana. Mtangazaji akasema zimefungwa. Zilifungwa kwa kamba ya viatu! Wimbo wa kwanza, kiti changu kinasogea nyuma kidogo. Wa pili, kidogo tena. Tulipoanza "Kiti Chako" nikahisi mguu mmoja wa kiti uko juu ya upenyo. Lakini dada, ulikuwa unaimba. Nilikuwa sijakusikia hivyo tangu tukiwa vijana, na nikasema moyoni, potelea mbali, siinuki. Ukafika kwenye "kiti chako kipo". Meza ya nyuma ikaondoka zake. Mimi nikaenda nayo.

Yowe nililipiga, sikatai. Ungekuwa wewe ungelipiga.

Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimelala chali, kirungu cha ngoma bado mkononi, nikasikia tarumbeta likiingia. Mapafu hakuja kunitazama! Akapuliza! Kisha watu wakanibeba.

Sasa nina swali moja. Onyesho lilikuwa liishe alasiri. Wewe ulifika hospitali jua limezama, ukiwa na gauni lako la bluu, umetoka jasho, na unacheka peke yako. Nilikuuliza ulikuwa wapi, ukasema msongamano wa barabarani. Hospitali iko mkabala na ukumbi, dada.

Nyundo


14 Julai 1996

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole tena. Nilisafiri salama. Mpwa wako alinisimulia onyesho zima njiani, kana kwamba mimi sikuwepo. Magoti hayajanisumbua tangu siku ile. Sijui mafuta ya wifi ama nini.

Haya, nikueleze.

Niliimba "kiti chako kipo, mwenyewe hupo", na nikafunga mdomo kama tulivyokubaliana. Nikaona shingo zimeinuka, macho yamenitumbulia, ileile hali ya zamani. Nikasema moyoni, leo mtasubiri mpaka kesho. Ndipo likatoka. Yowe kubwa, la kweli, kuliko la kwenye sahani! Nikajishika koo. Nikajiuliza, ni mimi? Nikageuka nyuma.

Kiti chako kilikuwepo. Mwenyewe hukuwepo.

Mdogo wangu, nilicheka. Nilikishika kipaza sauti kwa mikono miwili nisianguke na mimi. Mapafu alishaingia na tarumbeta, yeye akisikia kelele hana breki. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti. Waliokubeba wakakupitisha mbele ya jukwaa, na ukumbi ukawapigia makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho. Mmoja wao akapunga mkono. Nilipoona unatukana nikajua hutakufa, nikaingia ubeti wa tatu.

Bila ngoma. Hapakuwa na wa kuipiga. Watu wakaanza kunipigia makofi polepole, wakinifuata, na kwa sababu walikuwa wameshapata yowe lao, walinyamaza wakasikiliza. Kila neno. Mama mmoja wa safu ya pili alikuwa anatikisa kichwa kwenye kila mstari kama anayekubaliana na wakili wake. Nilipomaliza wakasema, "Tena!" Nikaimba mwingine. Wakasema, "Tena!" Niliimba nyimbo zetu zote, mdogo wangu, na nyingine mbili ambazo si zetu. Yule mzee wa msamaha alikuja mbele akiwa na maua, akaniangalia kwa karibu, akasema, "Samahani, nilidhani ni mwingine," akarudi kukaa.

Hapo ndipo nilipokuwa. Nilijua umevunjika mguu, na nilijua ungekuwa umevunjika hata nikija mapema.

Jambo moja zaidi. Mtangazaji alinifuata machozi yakimtoka. "Mama, sasa nimeelewa. Lile yowe la kwenye sahani halikuwa lako. Lilikuwa la kaka yako tangu mwanzo!"

Ningeweza kumsahihisha.

Ubeti wa tatu nimeunakili nyuma ya karatasi hii. Usome ukiwa umelala.

Dada yako


19 Agosti 1996

Dada,

Shikamoo. Sote wazima, plasta wameikata, mguu umetoka mwembamba kama wa korongo. Nimeusoma ubeti wa tatu. Wifi yako alinikuta, nikamwambia ni vumbi la karakana. Karakana imefungwa tangu Juni.

Lakini umenifanyia nini? Ametangaza redioni! Gazeti nalo likachapa picha yangu ya ujana, chini yake "Mwenye Yowe". Siwezi kuvuka barabara. Mama mmoja aliniita kutengeneza friji, nikamkuta na majirani wamepanga viti sebuleni. Friji lilikuwa zima! Jumamosi nikaalikwa harusi ya mtoto wa fundi bomba, wakanisimamisha mbele ya keki. Nilijaribu, dada. Nilivuta pumzi, nikafumba macho, nikalifikiria anguko. Likatoka kama beberu mwenye mafua. Bibi harusi akacheka mpaka taji likamdondoka.

Waandikie. Waambie ni mjusi.

Mdogo wako anayeteseka


8 Septemba 1996

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Nimefurahi mguu umepona. Cha kukushauri sina, ila pini haisaidii, nakwambia mapema.

Sitaandika redioni. Nimekaa na hicho kitu miaka mingi; wewe kikae kwako kidogo, una mabega mapana.

Hapa kuna habari. Mwenye nyumba ya wageni anakofanya kazi mpwa wako ana bustani nyuma, na kila Jumamosi vijana wanne hupiga muziki hapo. Binti akawaambia ana mama. Wakaja dukani kunitazama wakajifanya wanataka suruali. Niliwapima, na nilipokuwa nampima mpiga gitaa kiuno nikawa naimba bila kujua, akasahau kutoa pumzi.

Jumamosi tatu sasa naimba nao. Hawaijui "Kiti Chako", hawakuwa wamezaliwa. Nimewafundisha nyimbo ambazo kule zamani hazikupata nafasi. Watu wanakula, wanaongea, wengine wanasikiliza. Wiki iliyopita meza moja iliacha kula kabisa, na chakula chao kilikuwa kizuri, nilikiona.

Mpiga gitaa akaniuliza, "Mama, miaka yote hii ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa nashona sare za shule. Alicheka sana, akadhani namtania.

Nisalimie wifi, na watoto. Karatasi bado ina nafasi lakini siijazi. Vijana wameshafika mlangoni na gitaa zao, na mimi bado sijavaa viatu.

Dada yako